Naomba ushauri: mchezo wa ubaoni wa kutafuta sheria na hukumu

Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi kwenye maktaba ya sheria hapa Dar. Tumeambiwa tutengeneze mchezo wa ubaoni, mfano wa ludo, wa kugawa bure Wiki ya Sheria ili wanafunzi waijue maktaba yetu.

Nimeshauchora kwenye boksi, vizibo vya soda ndiyo kete. Mchezaji anapewa kisa cha mteja, mathalani mwanamke aliyezuiwa kuuza shamba la ukoo. Anaanzia kwenye sheria zenyewe, anakwenda TanzLII, ile tovuti ya bure ya sheria na hukumu za Tanzania, mpaka aifikie hukumu ya Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990, iliyompa mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Akishika kifungu kilichofutwa, au hukumu iliyotenguliwa na Mahakama ya Rufani, anarudi mwanzo. Hapo ndipo penye utamu. Juzi mwanafunzi mmoja alibakiza nyumba mbili tu ashinde, akakuta kadi yake ya sheria ni ya Toleo la 2002, yaani la zamani. Alinyamaza kidogo, halafu akaniomba nimwonyeshe la sasa.

Shida ni bosi. Anataka nembo yetu kila nyumba na maswali ya kututangaza sisi. Mimi naona watu wataucheza mara moja wautupe. Nimweleweshe vipi bila kuonekana mkaidi?

Halafu hukumu nyingi ziko kwa Kiingereza. Kadi niziandike Kiswahili kitupu au nichanganye? Na aliyewahi kuchapisha ubao wa hivi, karatasi ngumu inadumu au nitafute turubai?