Sukuma wiki na dania (giligilani) kwenye jerikani zinageuka njano, nifanyeje?

Mama Shamim
Salaam jamani. Nimepanga chumba kimoja huku Kawempe, Kampala, na uwanja wote mwenye nyumba kaumwagia simenti, hakuna hata pa kuchomeka mche. Nikachukua jerikani nne za mafuta ya kupikia za lita 20, nikazikata juu, nikajaza udongo mweusi na mbolea ya kuku ya jirani, ilitoka bandani siku hiyohiyo. Tatu sukuma, moja dania. Mwanzo raha tupu, sasa majani yamekuwa njano, nikadhani njaa nikaongeza mbolea, nikadhani kiu nikaongeza maji asubuhi na jioni, na mvua hii ya Aprili nayo inanyesha humohumo, ndo kwanza zinazidi kunyauka. Dania imelala kabisa. Nisaidieni, sukuma ya sokoni kila siku imenishinda.

Kaka wa Bombo
Pole dada. Hujasema kama ulitoboa chini? Jerikani isiyo na matundu ni sufuria, maji yakiingia hayatoki, mizizi inakosa hewa inaoza, na mzizi uliooza hauwezi kunywa hata ukikaa ndani ya maji, ndo maana unaiona kama ina kiu. Pasha msumari mkubwa kwenye sigiri, toboa matundu kama nane chini, halafu iweke juu ya matofali, ikikaa bapa kwenye simenti yanaziba tena. Kabla ya kumwagilia chomeka kidole, kikitoka na udongo mbichi acha. Watu watakwambia ujaze kokoto chini, mimi nilijaza, zilikula nafasi ya udongo bure. Kokoto kazi yake ni kwenye gunia la kupandia mboga, pale katikati, zipitishe maji yafike chini.

Jaja wa Entebbe
Mwanangu, na hiyo mbolea ya kuku mbichi inaunguza mizizi. Mimi naiacha ioze miezi mitatu, nikiigeuzageuza, mpaka haina harufu, ndo nachanganya debe moja kwa madebe matatu ya udongo. Dania usiihamishe, haipendi kabisa kung'olewa. Ile punje ya duara ndani ni mbegu mbili, ipitishie chupa juu ipasuke, imwage palepale itakapokulia. Ukipata nafasi panda taksi mpaka Kyanja, kile kituo cha kilimo cha KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ukaone wenyewe wanavyopanda. Na nakati jamani, ile mboga yetu ya majani! Jerikani moja iwe ya nakati.

Mama Shamim
Asanteni sana, sikutoboa hata tundu moja. Leo nimetoboa zote nne, maji yametoka meusi yananuka mtaro. Ile ya dania nimeimwaga kwenye beseni, mizizi ya kahawia, ukiivuta ganda linachunika kinabaki kiuzi. Sukuma mbili nimechungulia zina mizizi myeupe pembeni, hizo naziacha. Jaja, huu udongo unaonuka niutupe?

Jaja wa Entebbe
Usitupe mwanangu. Uanike kwenye turubai, mvua isiuguse, uugeuze mpaka harufu iishe, utautumia tena.