Mshairi wa Wales akiandika Kiingereza, bado ni wa kwao?

Mkaazi wa Bangor: Agosti nilikwenda Eisteddfod, tamasha kuu la ushairi huku Wales. Mshindi hutunga kwa jina la kubuni. Tarumbeta ikilia ndipo anasimama katikati ya umati na kujulikana. Upanga huvutwa nusu, watu wakaulizwa mara tatu, "Kuna amani?" Wakaitika, "Amani!" Yote kwa Kiwelisi. Sasa mshairi Dylan Thomas, mzaliwa wa Swansea, huku huku Wales, aliandika Kiingereza. Nasema huyo si urithi wa Wales.

Malenga wa Tanga: Babake alikijua Kiwelisi, hakumrithisha. Unamwadhibu mtoto kwa uamuzi wa mzazi? Na R. S. Thomas, aliyejifunza Kiwelisi ukubwani ila mashairi akaandika Kiingereza, utamtoa pia?

Mwalimu Mstaafu: "Uamuzi wa mzazi" usiuseme kirahisi hivyo. Karne ya 19 shuleni kwao mtoto akiteleza Kiwelisi alivishwa kibao shingoni, naye amsake mwenzake wa kumpasia. Wa mwisho jioni, viboko. Mzazi aliyepitia hayo angeamua nini? Mimi nimekivaa kibao hicho Kenya, darasa la 3, kwa kuomba maji kwa Kidawida, lugha ya kwetu. Kamba yake ya katani ilinikwaruza shingo.

Mama Wawili: Pole, Mwalimu. Lakini mimi sikuchapwa, na wanangu nawasemesha Kiingereza kwa hiari yangu. Kidawida kitawalipia kodi Nairobi?

Mwalimu Mstaafu: Sijakutaja, mwanangu. Bibi yao akipiga simu, wanaongea naye nini?

Mama Wawili: Bibi yao tumemzika Machi. Usimtie humu.

Mwalimu Mstaafu: Niwie radhi. Sikujua.

Mkaazi wa Bangor: Jamani, turudi kwenye ushairi. Washairi wa Kiwelisi wana kanuni ya sauti, cynghanedd. Aina mojawapo hutaka konsonanti za ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, zirudi kwa mpangilio uleule kwenye utao, nusu ya pili. Lugha ikifa, ufundi huo nani ataubeba?

Malenga wa Tanga: Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji 538,000 hivi, hawafiki hata mmoja kwa watano. Ukipima kwa lugha tu, umewafukuza wengi kwao. Ndugu, hapo unipe jibu.

Mama Wawili: Mwalimu, na nikiwaanzisha sasa? Mkubwa ana miaka 11.

Mwalimu Mstaafu: Anza na maji.