Mwisho wa Machi mfumo wa kulipia vyumba unameza usiku mmoja

fundi_wa_arusha:
Habari wakuu. Nina mteja mwenye nyumba ya wageni Edinburgh. Mgeni akichagua kuingia 28 Machi 2025 na kutoka 31 Machi, anatozwa usiku 2 badala ya 3. Tarehe hizohizo nikiziweka kwenye laptopu yangu hapa Arusha, zinatoka 3. Akifungua yeye kule, 2. Februari haikuwa na shida kabisa. Mstari wenyewe wa JavaScript (86400000 ni milisekunde za siku moja ya saa 24):

`Math.floor((kutoka - kuingia) / 86400000)`

Tarehe zote nazitengeneza kwa `new Date(mwaka, mwezi, siku)`. Kuna jamaa kaniambia niweke `Math.ceil`, inayopandisha hadi namba kamili ya juu, yaishe. Niweke?

mzee_wa_seva:
Usithubutu mkuu. Usiku wa kuamkia 30 Machi, Uingereza ilipofika saa saba, saa zilisogezwa hadi saa nane, ndiyo saa za kiangazi zinaanza. Siku hiyo ilikuwa na saa 23. Kwa hiyo kutoka tarehe 28 hadi 31, saa sita usiku kwa saa sita usiku, ni saa 71. Gawa kwa 24 upate 2.958, halafu floor inakata mkia. `new Date` ya namna hiyo inafuata majira ya kompyuta inayoiendesha, na sisi huku hatusogezi saa, ndiyo maana kwako inatulia.

Ceil itakuponya Machi ikuue Oktoba. Tarehe 26 Oktoba saa zinarudishwa nyuma, 24 hadi 27 inakuwa saa 73, ceil inatoa usiku 4. Hapo atakayepiga simu ni mgeni.

fundi_wa_arusha:
Na `Math.round`, inayokwenda kwenye namba kamili iliyo karibu?

mzee_wa_seva:
Jibu litatoka sahihi, lakini unapaka rangi juu ya ufa. Usiku wa hoteli ni hesabu ya kalenda, masaa yanaingiaje? Tumia `Date.UTC(2025, 2, 31) - Date.UTC(2025, 2, 28)`, UTC, ile saa ya rejea ya dunia, haina saa za kiangazi. Gawa, unapata 3 kamili. (Hiyo 2 ni Machi, JavaScript inahesabu miezi kuanzia sifuri, sijui nani aliwaroga.)

binti_data:
Naongezea: saa sita usiku yenyewe haipo kila mahali. Misri ilirudisha saa za kiangazi 2023, na zinaanza saa sita kamili usiku, Ijumaa ya mwisho ya Aprili. Ijumaa hiyo Cairo inaanzia saa saba. Na kama unatuma ujumbe wa "karibu, chumba tayari saa nane mchana", hifadhi saa ya kule pamoja na jina `Europe/London`. Ukihifadhi +00:00 (tofauti ya London na UTC wakati wa baridi), wageni wa Julai utawatumia ukiwa umechelewa saa nzima.

mzee_wa_seva:
Jaribu hapohapo Arusha, programu ijione iko London: `TZ=Europe/London node jaribio.js`

fundi_wa_arusha:
Mstari wa zamani umetoa 2 kama kwa mteja. Wa UTC umetoa 3, na wa Oktoba 3 pia. Napandisha marekebisho leo usiku. Wageni waliotozwa pungufu, mteja kasema hawadai.