Mrejesho: mchoro wa kichocho ufukweni Dunga

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Kisumu. Niliwahi kuuliza hapa jinsi mchoraji wetu na mtafiti wa konokono wanavyoweza kushirikiana, ili ukuta mmoja wa Dunga uwaeleze watu namna kichocho kinavyoambukizwa. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Ushauri uliotufaa zaidi ni wa yule aliyesema mchoraji asipewe maandishi bali apelekwe maabara. Alipoona kwa hadubini vijidudu vya kichocho vyenye mkia uliogawanyika vikimtoka konokono na kuogelea, aliutupa mchoro wake wa kwanza, ambao ulikuwa na mdudu mwenye meno. Vilevile tuliwaonyesha wauza samaki rasimu kabla ya kununua rangi, na hapo ndipo kosa lilipojitokeza: konokono alichorwa mkubwa kama sufuria, na mama mmoja akasema kwamba wa aina hiyo hajamwona ziwani maisha yake yote, kwa hiyo hana la kuogopa. Sasa konokono amechorwa juu ya ukucha wa kidole gumba.

Igizo tulilolifanya pamoja na mchoro halikufaulu. Mtafiti alikataa kufupisha maelezo yake (nami sikumpangia muda), watoto wakaondoka mmoja mmoja. Tena wapo wanaodhani kwamba kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, kunamkinga mtu asiambukizwe tena, ilhali dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa mwilini tu, na anayerudi majini huweza kuambukizwa upya. Sehemu ya ukuta inayohusu dawa hiyo tutaichora tena mwezi ujao.