Tupeane uzoefu: Kuzunguka Ulaya na pikipiki, peke yako

Kibo_Bremen: Wakuu, habari za jioni. Leo kwenye sheli hapa Bremen nimemkuta mzee mvi tupu, pikipiki vumbi hadi kwenye taa, begi la nyuma limeshonwa kwa waya. Anatoka Ugiriki, peke yake. Tangu nirudi nyumbani sijatulia. Agosti nina likizo ya wiki 3, na chuma changu, pikipiki ya cc 650, kipo tu uani. Nataka nishuke Austria, Slovenia, pwani ya Croatia mpaka Albania. Mliowahi, nini kiliwatoa jasho? Mandhari msinielezee, picha nimeziona.

Mama_Zurich: Nguo za mvua zikae juu kabisa ya mzigo. Zangu zilikuwa chini ya hema na sufuria, mvua ikanikuta katikati ya Stelvio, ile njia ya milimani Italia. Ukipandia upande wa kijiji cha Prato kuna kona kali 48, zina namba, na namba zinapungua kadiri unavyopanda. Kufika juu, mita 2,757, Juni hiyo, theluji inadondoka na vidole havijui klachi iko wapi. Halafu ukikatiza Uswisi kwa barabara kuu, nunua stika ya ushuru wa barabara kwanza, faranga 40. Ukikamatwa huna ni faini ya 200, na stika unanunua vilevile.

Jogoo_la_Mvita: Hapo kwa nguo za mvua naunga mkono. Mimi yalinikuta.

Fundi_Lyon: Glavu! Ufaransa ni sheria tangu 2016, na ziwe na alama ya CE, ile ya viwango vya Ulaya. Nililipa yuro 68 siku ya joto la kukaanga yai.

Jogoo_la_Mvita: Kasema Austria na Croatia. Ufaransa imeingiaje?

Fundi_Lyon: Kwani hawezi kupotea?

Bw_Pangani: Kibo, umetaja pwani ya Croatia umenikumbusha mbali. Oktoba 2019, natoka Rijeka naenda Zadar. Senj nimekunywa kahawa, jua linawaka, wingu hakuna. Mbele kidogo nikaona alama ya duara jekundu yenye picha ya pikipiki. Nikasema hiyo itakuwa ya hizi ndogondogo.

Sisi wa pwani upepo tunaujua. Kusi na kaskazi vina msimu, unajipanga. Huu wao, wanauita bura, hautoki baharini. Unaporomoka kutoka mlima wa Velebit kama mtu aliyekuvizia nyuma ya mlango. Visiwa vya ng'ambo, upande unaotazama mlima, ni jiwe tupu jeupe, mti hakuna. Ningekuwa na akili ningejiuliza nani kavinyoa.

Kona ya tatu nikapigwa kofi. Nikajikuta upande wa wenzangu, uso kwa uso na lori. Honi ile naisikia mpaka leo. Nikarudi njiani, nikapigwa tena. Chini bahari inafuka moshi, maji yanapeperushwa kama unga. Nikapata mahali pa kuegesha, nikashuka, na pikipiki ya kilo 210 ikalala mbele yangu taratibu kama ng'ombe. Nikajibanza nyuma ya ukuta wa mawe saa mbili nzima, mkononi nimeshika kioo cha pembeni kilichokatika. Hata kwa nini sikukitupa sijui.

Akatokea mzee mmoja na gari bovu. Hatuelewani hata neno. Akanipa kiglasi cha kitu cheupe kama maji. Dakika tano, nikaacha kutetemeka.

Jogoo_la_Mvita: Subiri kwanza. Kiglasi ulikunywa?

Mama_Zurich: Shekhe, tunaomba ufafanuzi 😂

Bw_Pangani: Ilikuwa dawa.

Jogoo_la_Mvita: Iliyoandikwa na daktari gani?

Dereva_Mstaafu: Chumvi nyingi. Njia hiyo nimeipita mara nne, upepo wa kawaida tu.

Bw_Pangani: Miezi gani?

Dereva_Mstaafu: Julai.

Bw_Pangani: Ahsante, kaa.

Dereva_Mstaafu: Usinijibu hivyo, nimeanza kuendesha kabla hujazaliwa.

Mama_Zurich: Baba yangu, samehe tu, huyu bado ana upepo kichwani.

Msafiri_Mdogo: Kadi ya kijani, ile ya bima ya kuvuka mipaka, iangalie kabla hujatoka. Herufi AL zikiwa zimekatwa kwa X, Albania huna bima. Na 2022 nilichepuka Kosovo, kadi yangu haikukubaliwa, nikanunua bima palepale mpakani. Malazi usilipie mapema, utajifunga.

Fundi_Lyon: Agosti pwani ya Croatia bila kulipia mapema? Atalala na mbwa. Lipia.

Tukuyu_Original: Leseni ya Bongo Ujerumani ni miezi 6 tu ukishakuwa mkazi, baada ya hapo unafanya mtihani upya. Usije ukasema hatukukwambia.

Kibo_Bremen: Ninayo ya hapa, daraja A kamili, pikipiki zote. Sasa tairi ya nyuma imebaki milimita 3. Itanifikisha Albania na kunirudisha?

Msafiri_Mdogo: Badilisha kabla.

Dereva_Mstaafu: Inafika. Msimmalize hela kijana.

Fundi_Lyon: Inafika. Kurudi sasa...

Kibo_Bremen: Kwa hiyo?

Jogoo_la_Mvita: Kwa hiyo Bw Pangani bado hajajibu.