Mada: Mwanafunzi wa sanaa kuonyesha kazi mjini kabla ya kumaliza muhula (Kampala)

Kutoka: Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Kikoni

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi ni Mtanzania, nasoma sanaa Makerere. Kuna galeri mjini imeniomba kazi sita za uchoraji kwa maonyesho ya wiki tatu, mwezi wa Novemba. Nne ni kazi za darasani za muhula huu, mbili ni zangu za nje ya masomo. Nimepewa karatasi ya ukurasa mmoja nisaini. Naomba kujua chuo kinataka nini, na karatasi hiyo niikague wapi.

Kutoka: Kaka mwandamizi, Wandegeya

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Kuonyesha si kosa. Chuo cha sanaa cha Makerere kimeishi kwa maonyesho tangu enzi za Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa hapo mwaka 1937, na wachoraji Watanzania wenzetu Sam Ntiro na Elimo Njau walitokea humo humo. Zile mbili peleka. Zinazokubana ni zile nne.

Kazi ya darasani ambayo haijasahihishwa ichukulie kama karatasi ya mtihani. Muhula wa Makerere una wiki 17: 15 za masomo na 2 za mitihani, na muhula wa kwanza huanza Agosti. Hesabu mwenyewe. Maonyesho ya wiki tatu za Novemba yanaangukia kwenye majuma ambayo mwalimu anataka kuziona kazi zikiwa zimepangwa ukutani studio. Akishapita yeye, mtahini wa nje naye anaweza kutaka kuziona, kwa hiyo alama ya mwalimu peke yake haikufungulii mlango. Subiri matokeo yapitishwe.

Linaloharibika mara nyingi ni hili: kazi inauzwa usiku wa ufunguzi, mnunuzi anasafiri kesho yake na anaibeba. Siku ya kusahihisha mwanafunzi anakuja na picha kwenye simu. Picha haionyeshi unene wa rangi wala vipimo, mwalimu hana cha kupimia, na alama inakosekana. Hapo ni kurudia somo litakapofundishwa tena, na kwa kawaida ni mwaka unaofuata. Hakuna bei ya mchoro inayofidia mwaka.

Ushauri wangu: badilisha zile nne kwa kazi za muhula uliopita ambazo matokeo yake yameshatoka. Galeri ikizing'ang'ania hizo hizo, mwandikie mkuu wa idara barua, nakala kwa mwalimu wa somo, angalau wiki nne kabla. Taja jina la somo na namba yake, orodha ya kazi na vipimo, mahali zitakapotundikwa, tarehe ya kutoka na ya kurudi. Andika wazi kwamba hazitauzwa, au zikiuzwa zitabaki kwako mpaka matokeo yatoke. Usianze kubeba kwa sababu umeambiwa kwa mdomo koridoni kwamba haina neno. Mwalimu akienda likizo, aliyeshika nafasi yake hana habari na wewe. Subiri jibu lenye sahihi na muhuri.

Halafu uliza vifaa vimetoka wapi. Kanvasi na rangi ulizonunua mwenyewe hazina mgogoro. Ila kama idara imetoa udongo, mbao, shaba au tanuri, huenda ikataka kubaki na kazi au kutajwa kwenye kibandiko. Jina la chuo usilitumie kwenye bango bila idhini. Kuandika kwamba wewe ni mwanafunzi wa Makerere ni kweli tupu, lakini nembo ya chuo ni jambo jingine.

Kutoka: Dada wa Ntinda

Mdogo wangu, kaka amemaliza upande wa chuo. Mimi naingia kwenye hiyo karatasi.

Galeri nyingi huchukua kazi kwa mali kauli: unaziacha, zinauzwa, ndipo unalipwa. Basi karatasi iseme waziwazi kwamba kazi ni mali yako mpaka mnunuzi amalize kulipa. Bila sentensi hiyo, galeri ikifungwa kwa deni la kodi ya pango, mwenye nyumba anafunga mlango na kazi zako ziko ndani, na huna cha kumwonyesha.

Kamisheni kwa kawaida ni kati ya 30% na 50%. Asilimia yenyewe isikutishe, uliza inakatwa kwenye nini. Mchoro wa shilingi 900,000 kwa kamisheni ya 40% unakuachia 540,000. Mnunuzi akipewa punguzo la 10%, bei inakuwa 810,000. Kama punguzo mnagawana, wewe unapata 486,000. Kama karatasi inasema galeri inakata 40% ya bei ya kwanza, inachukua 360,000 zake kamili na wewe unabaki na 450,000. Ni mstari mmoja tu wa maandishi, na tofauti ni 36,000 kwa kila mchoro. Andikeni pia nani analipia fremu, usafiri wa kwenda na wa kurudi, na vinywaji vya ufunguzi. Malipo yawe ndani ya siku 30 tangu kuuzwa, na tarehe ya kuzichukua zisizouzwa iwekwe.

Ambatanisha orodha ya kazi: jina, mwaka, aina ya rangi, vipimo, bei, na hali ya kila moja siku ya kukabidhi. Piga picha mbele, nyuma na pembe zote nne. Pande zote mbili zisaini kila ukurasa, si wa mwisho tu. Bima ni nadra kwa kazi za wanafunzi, kwa hiyo angalau iandikwe kwamba galeri inalipa sehemu yako ya bei ikiwa kazi imeibiwa au imelowa ikiwa mikononi mwake.

Hakimiliki inabaki kwako hata baada ya kuuza. Mnunuzi amenunua kitu chenyewe, hajanunua haki ya kukichapa kwenye kalenda. Lakini jihadhari na kazi ya kuagizwa. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inasema kazi iliyoagizwa, kama hakuna mkataba unaosema vingine, hakimiliki yake inakwenda kwa aliyeagiza. Mtu akikuomba umchoree ukuta wa hoteli, andika kabla ya kuchovya brashi kwamba hakimiliki inabaki kwako.

Kodi nigusie tu. Mnunuzi akiwa kampuni au ofisi iliyoteuliwa na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kukata kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujalipwa), malipo yanayozidi shilingi milioni 1 hukatwa 6%. Dai cheti cha makato hayo, usikubali maneno matupu.

Kutoka: Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Kikoni

Asanteni sana kaka na dada. Nabadilisha zile nne. Naomba kuongeza: pasi yangu ya ukaaji hapa Uganda ni ya mwanafunzi, je, kuuza kunaleta shida uhamiaji? Na kati ya kazi za muhula uliopita mmoja ni mchoro wa mwili bila nguo kutoka darasa la modeli, mwingine ni picha ya watoto wa mtaani kwetu. Moja ya zangu mbili za nje ni ya rangi ya mafuta, bado haijakauka vizuri.

Kutoka: Kaka mwandamizi, Wandegeya

Pasi ya mwanafunzi kwa raia wa Afrika Mashariki hutolewa bila ada, na kazi yake ni moja: kusoma. Si kibali cha kazi. Kazi chache kuuzwa na galeri kwenye maonyesho, na kukodi kibanda ukauza kila Jumamosi, ni mambo mawili tofauti kabisa. La pili ni biashara, usiliingie kwa pasi hiyo. Kwa hilo la kwanza, pita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo kabla ya kusaini, waeleze, na uombe barua inayosema maonyesho ni sehemu ya mafunzo yako. Hakikisha pasi haimaliziki katikati ya maonyesho. Na siku mkitaka kutundika nje, barabarani au bustanini, hapa Kampala ruhusa ni ya KCCA, mamlaka ya jiji, mwenye galeri hawezi kuwapa.

Mchoro wa modeli: alikubali kukaa mbele ya darasa, hakukubali kutundikwa mjini. Kama sura inatambulika, pata idhini yake ya maandishi, au uuache studio. Mimi ningeuacha. Watoto ndio kabisa: idhini ya mzazi kwa maandishi, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawalinda, na kwa sababu ni haki yao. Karatasi ya idhini iwe kwa lugha anayoisoma mzazi. Mama wa Kikoni anayezungumza Luganda usimpe Kiingereza asaini asichokielewa.

Kutoka: Fundi wa fremu, Kamwokya

Habari zenu jamani. Nijibu hilo la rangi.

Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji kama shati kambani. Mafuta yanashika oksijeni hewani ndipo yanakuwa magumu, kwa hiyo usiuanike mchoro juani kama nguo, jua kali linaweza kupinda mbao. Nyeupe ya titani na nyeusi ya pembe huchelewa, rangi za udongo kama amba hutangulia. Gusa kwa kidole pembeni, pale rangi ilipo nene. Ikinata hata kidogo, usiifunge kwa nailoni ya vipovu. Vipovu vinaacha miduara midogo midogo juu ya uso wote, kama ugonjwa wa ngozi, na hakuna kuifuta bila kupaka upya. Weka vijiti vya mbao kwenye pembe nne ili kifungashio kisiguse rangi, kisha karatasi ya kuokea, nailoni iwe ya nje. Novemba ni mvua. Boda boda usiijaribu, kodi gari. Vanishi ya mwisho isubiri miezi 6 au zaidi, la sivyo inaweza kupasuka.

Kutundika: katikati ya mchoro iwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Pete za nyuma zifunge robo ya urefu kutoka juu. Kutafuta msumari: 150, jumlisha nusu ya urefu wa mchoro, toa umbali kutoka ukingo wa juu hadi waya ukivutwa. Mchoro wenye kimo cha sentimita 80 ambao waya wake unafika sentimita 12 chini ya ukingo: 150 + 40 − 12, msumari unakaa 178. Ukizidi upana wa sentimita 60, tumia misumari miwili usiyumbe. Kamba ya nailoni hulegea baada ya siku chache, tumia waya wa kusokotwa.

Kibandiko kiandike jina lako, jina la kazi, mwaka, rangi na kitambaa, kimo kabla ya upana. Bei ziwe kwenye orodha ya mezani, kwa sababu zikibadilika ukutani wanunuzi wanaona alama ya kufuta. Na vipimo viwe vile vile vilivyo kwenye orodha mliyosaini na galeri, maana kazi ikipotea hiyo ndiyo karatasi itakayosomwa.