Nipo Washington, nataka kununua nyumba ya kupangisha Cleveland bila kuishi huko. Waliofanya hivi naombeni msaada

mama_wawili_Kent

Habari zenu wapendwa. Mimi na mume wangu tupo Kent hapa Washington, mimi nalea wazee zamu ya usiku yeye anaendesha lori, tumejibana miaka minne tumefikisha dola 38,000. Hapa nyumba ya kawaida tu inaanzia laki sita, hata ukipata mkopo pango la mpangaji halifiki popote karibu na rejesho, ndo maana tukaanza kuangalia majimbo mengine.

Sasa kuna dalali tumempata mtandaoni katutumia nyumba Cleveland, Ohio. Vyumba vitatu, ya mwaka 1924, anasema imekarabatiwa yote na mpangaji yupo ndani analipa 1,250. Bei 110,000. Benki inataka kianzio asilimia 20 yaani 22,000, riba 7.25 miaka 30. Kwenye karatasi yake ameandika rejesho 600, kodi ya nyumba inayolipwa kaunti 225, bima 100, kwahiyo inabaki 325 mkononi kila mwezi. Mume wangu anasema tusicheleweshe, mimi roho inasita maana hatujawahi kukanyaga Ohio hata siku moja na hii ni pesa ya watoto. Shemeji yangu nae anasema bora tukajenge Kigamboni. Nyie mnaonaje?

baba_Aisha_Mpls

Pole na hongera dada, kuweka 38,000 kwa kazi hizo sio mchezo. Mimi nipo Minneapolis, nilinunua mbili Cleveland 2019, moja nimeshauza, moja ninayo na inanilipa vizuri. Kwahiyo inawezekana kabisa ila hiyo hesabu ya dalali ina mashimo.

Chukua hiyo 325. Meneja wa kukusimamia nyumba atachukua asilimia 8 mpaka 10 ya pango, tuseme 125, unabaki na 200. Mpangaji akihama nyumba itakaa tupu, weka mwezi mmoja kwa mwaka, ukigawa ni kama 104 kila mwezi, unabaki na 96. Matengenezo madogo madogo, koki, mlango, choo, weka asilimia 10 nyingine, 125. Umeshaingia hasi 29, na hapo sijagusa paa wala mtambo wa joto. Wangu ulikufa Januari 2022 katikati ya baridi nikalipa 4,200 siku hiyo hiyo kwasababu mpangaji ana mtoto mchanga, huwezi kumwambia asubiri mwisho wa mwezi. Alafu meneja akikutafutia mpangaji mpya anachukua tena nusu ya pango au pango zima la mwezi wa kwanza.

Na hiyo 225 ya kodi usiichukulie kama ilivyo. Kaunti ya Cuyahoga, ndo yenye Cleveland, ilithaminisha nyumba zote upya mwaka 2024, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya kaunti utafute kwa anwani uone bili ya sasa, dalali anaweza kukuwekea ya zamani.

Ile niliyouza ndo ilinifundisha. Mpangaji alihama Novemba, meneja niliyekuwa nae akakaa wiki tatu hajaniambia, joto limezimwa, mabomba yakaganda yakapasuka maji yakashuka mpaka chini. Bima wakaniambia nyumba ilikuwa tupu na joto halikuachwa linawaka, hawalipi. 11,000 zikaondoka. Soma mkataba wa bima sehemu inayohusu nyumba tupu, wengi wanaweka kikomo cha siku 30 au 60, na hakikisha ni bima ya mwenye nyumba anayepangisha, sio ile ya anayeishi humo.

fundi_bomba_Cbus

Mimi nipo Columbus, nafanya kazi ya mabomba miaka tisa. Dada, neno "imekarabatiwa" nimeliona kwenye nyumba nyingi sana, unakuta rangi mpya ya kijivu, sakafu mpya ya plastiki, makabati mapya, alafu unashuka basementi unakuta bomba la maji taka ni lile lile la udongo la miaka mia, mizizi ya mti imeingia kila kiungo. Kubadilisha mpaka barabarani ni maelfu ya dola. Kupitisha kamera ndani ya bomba ni dola mia mbili tatu hivi, usinunue nyumba ya 1924 bila kamera, nakuomba. Na inspekta umtafute mwenyewe, usimchukue aliyeletwa na muuzaji. Mwambie akupigie picha nyaya za umeme, ukuta wa basementi kama umepinda, na umri wa paa.

Kitu kingine ni rangi ya zamani yenye madini ya risasi (lead). Cleveland nyumba za kupangisha zilizojengwa kabla ya 1978 zinatakiwa ziwe na cheti cha kuwa salama, sheria ilipitishwa 2019 ikaanza kutumika kwa awamu 2021. Mwulize muuzaji cheti kipo wapi, kama hana hiyo ni gharama yako na pia ni afya ya watoto wa watu, hilo tusilifanyie mzaha kabisa, risasi inaharibu ubongo wa mtoto na haurudi. Ukiangalia nyumba za vitongoji kama Cleveland Heights au Maple Heights kuna ukaguzi wa manispaa kabla ya kuuza, uliza orodha ya makosa yaliyoandikwa ujue nani anayarekebisha.

Na huyo mpangaji aliyepo ndani, omba mkataba wake na ushahidi wa malipo ya miezi 12 kutoka benki. Nimeona nyumba mpangaji kaingizwa mwezi mmoja kabla ya kuuzwa, miezi miwili baadae halipi.

mama_wawili_Kent

Asanteni sana, hiyo hesabu nimemsomea mume wangu tukanyamaza wote. Sasa huyo meneja unampataje mtu mzuri ukiwa mbali? Na kodi za serikali inakuwaje, sisi Washington hatulipi kodi ya jimbo kwenye mshahara.

hesabu_na_Rehema

Nipo Indianapolis, najaza fomu za kodi za watu wetu wengi wenye nyumba.

Meneja mtafute kabla ya nyumba. Piga simu kwa watatu wanne, mtumie kila mmoja anwani hiyo umwulize angepangisha kwa bei gani na angekubali kuisimamia. Wote wakiukataa mtaa huo umeshapata jibu lako bila kulipa hata senti. Ohio anayekusanya pango la watu wengine lazima awe na leseni ya udalali wa nyumba, ipo mtandaoni kwenye tovuti ya jimbo, angalia jina. Kwenye mkataba weka kwamba matengenezo yakizidi dola 300 akuulize kwanza, alete picha na risiti ya fundi, na uweze kumwacha kwa notisi ya siku 30. Pia Ohio mmiliki asiye mkazi wa jimbo lazima aandikishe wakala anayeishi Ohio kwenye kaunti kubwa kama hiyo, na Cleveland toka 2024 wanataka mtu wa karibu wa kuwajibika.

Kodi sasa. Mshahara wenu Washington hautozwi lakini pango la Ohio mtajaza fomu ya Ohio kama wasio wakazi, na jiji la Cleveland lenyewe linatoza asilimia 2.5 ya faida ya pango. Kwenye fomu ya kodi ya shirikisho kuna punguzo la uchakavu wa jengo, unagawa thamani ya jengo bila kiwanja kwa miaka 27.5. Kama kiwanja ni 15,000 jengo linabaki 95,000, ni kama 3,450 kila mwaka inapunguza mapato yanayotozwa. Msisahau kuutoa huo uchakavu, maana siku ya kuuza wanawatoza hadi asilimia 25 ya huo uchakavu hata kama hamkuwahi kuutoa. Nimempokea mzee mmoja hakuutoa miaka sita, tuliweza kurekebisha ila kwa fomu nyingi.

Huku Indiana angalizo lingine, kikomo cha kodi ya nyumba ni asilimia 1 ya thamani yake kwa anayeishi humo na 2 kwa ya kupangisha, bili ya muuzaji aliyekuwa anaishi humo itapanda sana ukichukua wewe.

Na Kigamboni nayo usiidharau wala usiikimbilie, sisi tuliojenga kwa kutuma hela ya saruji kwa simu tunajua shida ni ile ile, nani yupo pale.

mama_wawili_Kent

Nimemwandikia dalali anipe cheti cha risasi, malipo ya mpangaji ya mwaka mzima na ruhusa ya kupitisha kamera. Amejibu kuna mnunuzi mwingine anataka kumaliza kununua Ijumaa. Tumemwambia amuuzie tu. Mume wangu ana mzigo wa Toledo mwezi ujao, atapitia Cleveland siku mbili aonane na mameneja. Baba Aisha, huyo uliye nae sasa anapokea wateja wapya?

baba_Aisha_Mpls

Anapokea, nimekutumia pembeni. Mwambie mume wako apite mtaani usiku pia, sio mchana tu.